Umehama hostingi na duka halifunguki? Usikae kusubiri masaa 48 kama mimi



Leo siongelei kupiga picha za bidhaa wala kujibu wateja DM. Naongelea kile kitu ambacho wengi tunamwachia "kijana wa kompyuta", halafu siku kikiharibika kijana hapokei simu. Naongelea DNS. Mi sijasomea mambo ya IT, nimeishia form four, nilichojua nimekijua kwa kuharibu. Na safari hii niliharibu kweli. Kama una tovuti na unafikiria kuhama kampuni, soma yote.

Mi nauza vikapu vya milulu vya Iringa. Vinasukwa na akina mama kijijini, mi navikusanya, napiga picha, natafuta soko. Wateja wengi wanatoka Instagram na WhatsApp kama wa kwenu tu. Lakini wateja wakubwa, yaani mahoteli na maduka ya zawadi za watalii, hawataki mambo ya DM. Wanataka waone tovuti, watume barua pepe, wapate profoma yenye jina la biashara. Ndo maana nilinunua domeni ya .com, nikafungua duka la mtandaoni na anwani inayoanza na oda@ halafu jina la duka.

Mwaka huu bili ya hostingi ilivyokuja ilikuwa imepanda, na tovuti yenyewe ilikuwa inafunguka kwa kusuasua. Nikaamua kuhama. Nikanunua hostingi kampuni nyingine, wakanisaidia kuhamisha mafaili, wakanipa majina mawili ya seva zao wakasema kaweke haya pale uliponunulia domeni, basi. Jumamosi saa tano usiku nikaweka. Jumapili asubuhi nafungua kwenye simu, duka hili hapa. Nikaweka na status: tumehama, sasa hivi tuko fasta, karibuni.

Kumbe nilikuwa naangalia duka la zamani.

Jumatatu ndo meseji zikaanza. "Dada tovuti haifunguki." Mwingine: "Inafunguka ila inaniambia siyo salama, mmedukuliwa?" Mwingine anasema kwake iko poa kabisa. Nikajaribu kwa laini yangu moja, inagoma. Nikaweka laini nyingine, inaleta onyo jekundu. Wi-Fi ya jirani, inagoma. Nikawaandikia huduma kwa wateja, jibu likaja: subiri masaa 48, mabadiliko bado yanasambaa.

Nikasubiri. Na hapo ndo kosa langu kubwa lilipo, maana hilo jibu la masaa 48 lina ukweli wake ila linafanya ukae kimya wakati tatizo lako halina uhusiano kabisa na kusambaa.

Ngoja nieleze kwa lugha yetu. Duka la mtandaoni lina vitu vitatu tofauti, hata kama ulilipia siku moja kwa kampuni moja. Kuna jina, hiyo ndo domeni. Kuna fremu, yaani hostingi, mahali mzigo ulipo. Na katikati kuna yule anayemwelekeza mteja, kwamba ukitaka duka la fulani nenda fremu namba fulani, na ukitaka kumpelekea barua, sanduku lake liko kule. Huyo wa katikati ndo DNS. Unapobadilisha zile seva za majina (kwenye paneli zimeandikwa Nameservers) hujahamisha fremu tu, umemfukuza mwelekezaji wa zamani na kuajiri mpya. Na huyu mpya hajui lolote ambalo hujamwambia. Hajui barua zako zinapokelewa wapi, hajui chochote kile kingine ulichokiweka kule miaka miwili iliyopita ukakisahau.

Sasa ile habari ya kusambaa. Mitandao ya simu na ya intaneti haiulizi upya kila mteja anapofungua tovuti, inakumbuka jibu kwa muda. Huo muda unaitwa TTL na unahesabiwa kwa sekunde. Ukiona 300 ni dakika tano, 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima. Kwa domeni za .com, ile taarifa ya juu kabisa inayosema seva zako za majina ni zipi ina sekunde 172800, yaani siku mbili, na hiyo huwezi kuipunguza wewe. Masaa 48 yanatoka hapo. Ndo maana Jumapili simu yangu iliniletea duka la zamani, mtandao ulikuwa bado unakumbuka jibu la jana yake.

Lakini angalia: kusambaa kunafanya wengine waone la zamani na wengine waone jipya. Hakufanyi tovuti igome kabisa kwa watu. Ukiona inagoma, acha kusubiri, anza kutafuta.

Jumatano asubuhi nikaanza kutafuta. Huhitaji laptopu, simu inatosha. Fungua brauza, andika dns.google, halafu andika domeni yako kwenye kile kisanduku. Hiyo ni huduma ya Google ya kuuliza DNS na ni bure. Itakuletea maandishi ya kutisha kidogo, usikimbie, we tafuta neno Status. Ikiwa 0, jina limepata jibu. Ikiwa 3, maana yake jina hilo halipo kabisa, labda umekosea kuandika au domeni imeisha muda. Ikiwa 2, jina lipo lakini kuna kitu kimevunjika njiani.

Yangu ilikuwa 2.

Pale pale kwenye ukurasa wa majibu kuna sehemu ya kuzima uhakiki wa DNSSEC. Nikaizima, nikauliza tena. Status ikawa 0, na namba ya seva mpya ikatokea vizuri kabisa. Hapo nikakaa chini.

DNSSEC ni kama mhuri. Unaweka mhuri kwenye majibu ya DNS yako ili mtu asiweze kughushi akawapeleka wateja wako kwa matapeli. Ni kitu kizuri. Ila ili ule mhuri utambulike, nakala yake inawekwa kule juu kwenye .com kupitia kampuni uliponunua domeni, na hiyo nakala inaitwa rekodi ya DS. Mi mwaka juzi niliangalia video moja YouTube, nikawasha DNSSEC kwa mwelekezaji wa zamani, nikaenda nikabandika DS uliponunuliwa domeni, nikajiona mtaalamu. Nikasahau. Nilipohama, mwelekezaji mpya hana ule mhuri. Lakini kule juu bado imeandikwa kwamba jibu lolote la duka hili lisilo na mhuri huu ni la kughushi, likataeni.

Ndo maana wengine iligoma na wengine haikugoma. Mitandao inayohakiki mhuri ilikataa. DNS ya Google yenyewe inahakiki, 1.1.1.1 ya Cloudflare nayo inahakiki. Mitandao isiyohakiki ilimpitisha mteja, akafika kwenye seva mpya akakutana na lile onyo jekundu. Na onyo nalo lilitoka huko huko: hostingi mpya ilikuwa inajaribu kuniombea cheti cha SSL cha bure cha Let's Encrypt, na Let's Encrypt nao wanahakiki mhuri kabla ya kutoa cheti. Wanakataa, cheti hakitoki, mteja anaona "siyo salama". Ningekaa hata masaa 480, isingepona.

Dawa yake ni dakika moja. Unaingia pale uliponunua domeni, unaenda sehemu ya DNSSEC, unafuta DS. Kwisha.

Nikaenda kuingia. Paswedi ikakubali, halafu ikasema tumetuma namba ya uthibitisho kwenye barua pepe yako. Barua pepe ipi? oda@ jina la duka. Ile ile ambayo iko juu ya domeni iliyokufa. Yaani nimefungia ufunguo ndani ya nyumba.

Hii naomba mtu asiipite juu juu. Simamisha kusoma sasa hivi, nenda kaangalie akaunti yako ya domeni imesajiliwa kwa barua pepe gani. Kama ni ya domeni hiyo hiyo, badilisha weka Gmail yako au nyingine yoyote ya pembeni. Na kama imesajiliwa kwa barua pepe ya yule kijana aliyekutengenezea tovuti, hiyo domeni kwa vitendo ni yake, hata kama hela ulitoa wewe. Mwambie leo akuhamishie, mkiwa bado mnaelewana.

Mi nilitumia Jumatano nzima kuongea na kampuni ya domeni. Wakataka kitambulisho, wakataka risiti ya malipo ya mwisho, ambayo na yenyewe ilitumwa kwenye anwani ile ile. Bahati nzuri nilikuwa na meseji ya muamala wa simu. Alhamisi asubuhi wakanifungulia, nikafuta DS. Kwa .com mitandao inaweza kuikumbuka DS hadi siku moja, na Ijumaa tovuti ilikuwa inafunguka kila mahali. Cheti kikatoka chenyewe. Nikawatangazia wateja kwamba tumerudi.

Nikadhani yameisha.

Kabla ya yote haya nilikuwa kwenye mazungumzo na hoteli moja Arusha. Walitaka vikapu 120 kwa ajili ya vyumba, kimoja kwa 18,000. Hesabu yake ni milioni mbili na laki moja na sitini elfu. Tulishakubaliana bei kwa mdomo, walisema watatuma oda kwa maandishi wiki hiyo. Kwa kujiamini nikawaambia akina mama waanze kusuka, maana kikapu cha milulu hakisukwi kwa nusu saa. Walipofika kama 70 hivi nikawa bado sijaona barua. Nikasema ngoja nisiwasumbue, watu wa hoteli wana taratibu zao.

Jumatano ya wiki iliyofuata nikapiga simu. Dada wa manunuzi akaniambia, "Tulikuandikia Ijumaa mpenzi, barua ikarudi, imesema anwani hiyo haipo. Tukadhani mmefunga biashara. Tumeshachukua kwa mtu mwingine."

Barua yangu haikuwa kwenye hostingi ya zamani wala mpya. Nilikuwa nalipia kampuni ya tatu kabisa kwa barua pepe. Kinachowaambia watu barua zipelekwe wapi ni rekodi inayoitwa MX. Mwelekezaji wa zamani alikuwa nayo. Mpya hakuwa nayo, na hostingi nyingi ukiwapa domeni yako bila kuwaambia chochote wanajiweka wenyewe kwenye MX. Kwa hiyo barua zikawa zinapelekwa kwenye seva mpya, seva inaangalia, haina mtu anayeitwa oda, inarudisha. Kwangu mimi ilikuwa kimya tu. Na kimya cha barua hakiumi, unasema labda ni mwezi mbaya.

Tena cha ajabu, wakati DS ilikuwa imevunjika, barua nyingine kutoka kwa watu wa Gmail zilikuwa zimekwama njiani zinasubiri, maana seva za barua zikikosa jibu huwa zinajaribu tena na tena kwa siku kadhaa. Mi nilipotengeneza ile DS, nikazifungulia njia ziende moja kwa moja kwenye seva isiyo sahihi na kurudishwa. Nilirekebisha kosa moja likalipua jingine.

Kwa hiyo ukishahama, kitu cha kwanza kupima siyo ukurasa wa mbele. Rudi dns.google, andika domeni, sehemu ya aina ya rekodi weka MX. Je, linatokea jina la kampuni yako ya barua, au la hostingi mpya? Halafu tumia Gmail yako binafsi kutuma barua kwenda oda@, uione inaingia, kisha ujibu kutoka oda@ uone kama inafika au imeenda spamu. Pande zote mbili. Mi nilipima kufungua tovuti tu, nikaweka status.

Hiyo ya spamu nayo ina mambo yake. Kuna rekodi ya TXT inayoitwa SPF, inataja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako. Domeni inatakiwa iwe na SPF moja tu. Mwelekezaji mpya alikuwa kaniwekea ya kwake, mi nikaongeza ya kampuni ya barua, zikawa mbili, na zikiwa mbili zinahesabika kama kosa. Unatakiwa kuziunganisha kwenye mstari mmoja. Kuna na DKIM, hiyo ni sahihi ya kila barua. Tangu Februari 2024 Google wanataka kila anayetuma barua kwenda Gmail awe na angalau mojawapo kati ya SPF na DKIM, kwa hiyo ukizipoteza usishangae profoma zako kulala kwenye spamu.

DKIM ina ubaya mmoja: huwezi kuipata kwa kuuliza kutoka nje kama hujui jina lake la ndani. Ukishafungiwa akaunti ya zamani, haipo, inabidi uanze kutengeneza upya kwenye kampuni ya barua.

Na hapo ndo panakuja kitu ambacho ningekifanya Jumamosi ile kabla ya kugusa chochote. Ingia kwenye paneli ya zamani, fungua ukurasa wa DNS, piga skrinishoti mstari kwa mstari mpaka chini. Zote. Hata zile zenye maneno marefu yasiyoeleweka, hasa hizo. Kisha ziingize kwa mwelekezaji mpya kabla hujabadilisha seva za majina, isipokuwa zile zinazotaja namba ya seva ya zamani. Hizo unaweka namba mpya. Kuwa makini na A na AAAA. Wengi wanabadilisha A na kuisahau AAAA, matokeo yake simu zinazotumia IPv6 zinaendelea kupelekwa fremu ya zamani na we unasema mteja ndo ana simu mbovu.

Kama una DNSSEC, futa DS kwanza, halafu subiri siku mbili, ndo ubadilishe seva za majina. Ukitaka kuiwasha tena utaiwasha ukishatulia kule mpya. Rekodi zenye TTL ya siku nzima, zipunguze ziwe 300 siku moja au mbili kabla, ili ukikosea urekebishe ndani ya dakika. Na usihame na domeni yenyewe wakati huo huo. Hiyo ni kazi nyingine, na .com ikishahamishwa kampuni kwa kawaida inafungwa siku 60 bila kuhamishika tena. Hama fremu kwanza, jina liache lilipo.

Hostingi ya zamani usiifunge siku hiyo hiyo, hata kama mmeachana kwa hasira. Siku mbili tatu za mwanzo bado kuna wateja wanaopelekwa kule. Mi niliingia kwenye duka la zamani baada ya wiki nikakuta oda mbili zimekaa humo, mmoja kashalipa kabisa na anasubiri mzigo Dodoma. Nikampigia kuomba radhi, nikamtumia kwa basi usiku huo huo na kikapu kidogo cha juu. Ili usichanganyikiwe unaangalia duka lipi, weka alama ndogo kwenye jipya, mi sasa hivi naweka nukta moja mwisho wa maneno ya chini kabisa ya ukurasa. Ukiiona nukta, uko kwenye jipya.

Kwenye simu yako mwenyewe, kabla ya kulaumu DNS, jaribu na laini nyingine. Kama unatumia Android angalia kwenye mipangilio ya mtandao sehemu ya Private DNS, kuna watu waliwahi kuweka kitu pale wakasahau. Na ukisharekebisha rekodi na unaona DNS ya Google bado inatoa jibu la zamani, wana ukurasa wa kufuta kumbukumbu yao kwa domeni moja moja, unaandika jina lako unabonyeza. Haifuti kumbukumbu za mitandao mingine, ila Google inapona hapo hapo.

Huduma kwa wateja siwalaumu sana. Wanaulizwa swali hilo hilo mara mia kwa siku na mara nyingi masaa 48 ndo jibu sahihi. Ila we ukienda kwao usiseme "tovuti haifunguki". Waambie: nimeuliza dns.google, Status ni 2, nikizima DNSSEC inakuwa 0. Au: MX yangu inaonyesha jina lenu na mi barua zangu ziko kwingine. Utashangaa jinsi wanavyobadilika.

Wale akina mama niliwalipa vikapu vyote 70, hilo halikuwa kosa lao. Nimeuza 47 WhatsApp kwa bei ya chini. 23 viko hapa chumbani nyuma ya mlango. Hostingi ya zamani nimeilipia mwezi mmoja zaidi, kila Jumatatu naingia kuangalia kama kuna oda imepotelea huko. Wiki hii hakuna. Dada wa manunuzi nimemtumia barua nyingine kutoka oda@, kumwambia tupo, na akijibu safari hii itafika.